Motokari ya koperative: tuiinue juu, ao tupunguze mzigo?

Ndugu wakulima, mama na papa wa makoperative, safari hii hatutasema juu ya mbegu wala mbolea. Tutasema juu ya mapine na resori. Mutajiuliza: agronomu anaingia namna gani katika mambo ya garaje? Jibu ni rahisi. Birayi inaweza kukua vizuri shambani, kisha ikapata hasara yote kati ya shamba na soko. Kazi ya miezi mitatu ao mine inaharibika katika kilometa ishirini. Kama motokari imelala njiani, kila kitu kimelala nayo: mavuno, feza ya masomo ya watoto, na deni la mbegu.

Mwaka uliopita koperative moja ya milima ya Lubero ilinialika katika mkutano wao mkuu. Walikuwa wamejikaza miaka miwili, wakauza vitunguu na birayi, wakaweka feza pamoja, wakanunua motokari moja ndogo ya okazio, ile ya mlango wa nyuma ambayo watu wengi wanatumia kubeba abiria mjini. Ilitoka mbali: Japani, kisha kwa meli mpaka Mombasa, kisha Kampala, mpaka Kasindi, mpaka Butembo. Ilitengenezwa kwa barabara ya lami. Sasa iko inatafuta njia katikati ya mawe na matope.

Mwezi wa kumi, siku moja kabla ya soko, jiwe lilitoboa rezervuari. Esansi yote ilimwagika. Motokari ililala njiani usiku mzima, na makreti ya tomate juu yake, mvua inanyesha. Asubuhi tomate iliyobaki nzima ilikuwa kidogo sana. Bahati kubwa, hakuna mtu aliyewasha sigara pale karibu.

Katika mkutano watu waligawanyika. Vijana walisema: “Hii motokari iko chini sana. Tununue magurudumu makubwa, na fundi aweke vipande vya kuiinua.” Wazee walisema: “Feza ya kasha itaisha, na mbegu ya msimu tutanunua na nini?” Mama prezida akanitazama: “Agronomu, we unasema nini? Tuiinue ao tuache?”

Niliwaambia mimi si mekanisie. Lakini kupima, hiyo tunajua. Tukatoka inje wote, na rula, na fimbo, na kaye ya kuandikia.

Kwanza pima, kisha sema

Tuliweka motokari mahali pa sawa, pasipo mteremko. Fundi wa kijiji akalala chini, akatafuta mahali ambapo chuma iko karibu na udongo kuliko pengine. Mbele, chini ya karteri ya mafuta ya motere, tulipata sentimeta 15. Nyuma, chini ya rezervuari, tulipata sentimeta 16. Kwa motokari ndogo, hiyo si mbaya.

Kisha nikaomba waipakize sawa vile wanaipakiza siku ya soko. Waliweka mifuko mitano ya birayi, kila mufuko karibu kilo 100. Shofere akaingia, na watu wengine wawili. Tukapima tena. Mbele: 13. Nyuma: 9.

Watu wakanyamaza. Kumbe motokari haikuwa chini. Mzigo njo uliishusha. Sehemu ya nyuma ilipoteza sentimeta saba, na pale pale njo jiwe lilipigia.

Tulifanya hesabu kwa kaye. Mifuko mitano ni kilo 500. Watu watatu, tuseme kilo 70 kila mmoja, ni 210. Jumla 710. Motokari ndogo ya viti vitano imepangwa kubeba watu watano, ni kusema karibu kilo 350 mpaka 400, pamoja na shofere mwenyewe. Walikuwa wanabeba karibu mara mbili. Na resori za nyuma zilikuwa zimechoka: hata bila mzigo, sehemu ya nyuma ilikuwa imeinama upande wa kushoto.

Kwa hiyo, kabla ya kununua kitu chochote, fanyeni hivi katika koperative yenu. Pimeni motokari ikiwa wazi, kisha ikiwa na mzigo wa kawaida wa siku ya soko, mbele na nyuma, kushoto na kuume. Andikeni. Kama tofauti iko kubwa upande wa nyuma, tatizo lenu ni mzigo na resori, si magurudumu.

Namna ya kusoma namba ya pine

Ubavuni mwa kila pine kuna namba. Watu wengi wanaziona kila siku bila kuzisoma. Motokari ile ilikuwa na 175/65R14 82T. Maana yake ni hii:

175 ni upana wa pine kwa milimeta.

65 ni urefu wa ubavu, kwa asilimia ya upana ule. Asilimia 65 ya 175 ni karibu milimeta 114. Ule ubavu njo godoro la pumzi linalopokea mawe.

R ni namna nyuzi za ndani zilivyopangwa. Mapine mengi ya siku hizi ni ya aina hiyo.

14 ni kipimo cha janti kwa inchi. Inchi moja ni milimeta 25,4.

82 ni alama ya uzito ambao pine moja inaweza kubeba. 82 ni kilo 475. 84 ni kilo 500. 88 ni kilo 560. Kama namba hii ni ndogo kuliko ile ya kiwanda, usinunue, hata kama bei ni nzuri.

T ni alama ya mbio. Kwa barabara zetu, hiyo haitusumbui sana.

Sasa, kujua urefu wote wa gurudumu, fanya hivi: inchi za janti mara 25,4, kisha ongeza ubavu mara mbili, sababu kuna ubavu wa juu na wa chini. Kwa 175/65R14: 14 mara 25,4 ni 355,6. Ubavu mara mbili ni 227,5. Jumla ni milimeta 583.

Vijana walitaka janti za inchi 16 zenye kungʼaa, na mapine 195/45R16. Nikawaambia: tufanye hesabu. 16 mara 25,4 ni 406,4. Ubavu: asilimia 45 ya 195 ni karibu 88, mara mbili ni 175,5. Jumla: milimeta 582.

Mmeona? Janti ni kubwa, macho yanafurahi, lakini motokari haipandi juu hata kidogo. Inashuka nusu milimeta! Na ubavu umetoka 114 ukawa 88. Godoro limekuwa jembamba. Jiwe likipiga, janti itapindika, na pigo lote litapanda mpaka kwenye tomate. Janti kubwa yenye ubavu mfupi ni ya lami. Kwa mawe na mashimo tunataka kinyume: janti ndogo, ubavu mrefu.

Pine kubwa kidogo: inaleta nini, inakula nini

Kuna watu wengine walisema tuweke 185/70R14. Hiyo ni milimeta 615. Gurudumu limeongezeka milimeta 31, lakini motokari inapanda nusu ya hiyo tu, sababu nusu nyingine iko juu ya ekseli. Ni kusema sentimeta moja na nusu. Na bei yake haiishii ku duka la mapine. Gurudumu limekuwa kubwa kwa asilimia 5 na zaidi. Hapo mambo matatu yanabadilika.

Kwanza, nguvu ya kupanda mlima inapunguka. Gurudumu kubwa ni kama mpini mrefu ambao motere inapaswa kuzungusha. Motere ndogo, yenye mzigo, katika mlima wa matope, itachoka mbele ya wakati, na ambriyaji itaungua.

Pili, freni zinapunguza mwendo kwa shida kidogo zaidi. Kwenye mteremko mrefu na mzigo, ile “kidogo” inaweza kukosa mtu.

Tatu, saa ya mbio inasema uongo. Kama inaonyesha 60, kweli uko unaenda 63. Na hesabu ya kilometa nayo inapotea, hivi hata siku ya kubadilisha mafuta ya motere unaikosa.

Mafundi wengi wanashika sheria hii: usipite asilimia 3 ya urefu wa kiwanda. Kwa motokari ile tulipata 175/70R14. Urefu wake ni milimeta 601, ni kusema asilimia 3 kamili. Inapandisha motokari karibu milimeta 9. Ni kidogo, lakini ubavu umekuwa milimeta 122 pahali pa 114, na alama ya uzito imekuwa 84, kilo 500 kwa kila pine. Janti zinabaki zile zile. Hakuna kununua janti mpya.

Watu waliuliza: na pine pana? Haisaidii katika matope? Kwa motokari ndogo ya matope yetu ya juu, ambayo chini yake kuna udongo mgumu, pine nyembamba yenye meno ya kina inakata matope, inafika chini, inashika. Pine pana inateleza juu yake kama mtoto juu ya ganda la ndizi, tena inafanya volani kuwa nzito.

Kabla ya kulipa, jaribu pine moja mbele na nyingine nyuma. Pakia mzigo. Zungusha volani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kuume. Kati ya pine na bodi, na kati ya pine na amortiseri, vidole viwili vipite. Kama vinagusa, rudisha.

Na mapine yote manne yawe kipimo kimoja, na ya tano ya akiba vilevile. Ukiweka pine kubwa kushoto na ndogo kuume, diferansieli inafanya kazi mchana kutwa hata pahali pa kunyooka, mpaka inakufa.

Vipande vya kuinua: pale njo hatari iko

Fundi mmoja wa mjini aliwaahidi kuinua motokari sentimeta tano. Ataweka vipande vya kauchu katikati ya resori, na vyuma juu ya amortiseri. Bei haikuwa kali. Niliomba tuketi chini tufikiri.

Motokari hizi ndogo, nyingi zinavutwa na magurudumu ya mbele. Nguvu inatoka ku buate, inapita katika kardani, inaingia kwenye gurudumu. Kiwanda kilipanga kardani ilale karibu sawa. Ukiinua bodi sentimeta tano, kardani inainama. Inazunguka hali imepindika, inakula viungo vyake. Sufle ya kauchu inayofunika mafuta mazito inapasuka, vumbi na matope vinaingia, na baada ya muda unasikia “ka-ka-ka” kila ukikata kona. Hiyo ni kardani inaomba kuzikwa.

Magurudumu nayo yanabadilisha namna ya kusimama. Bila kufanya paralelisme, pine mpya inaliwa upande mmoja, inaisha upesi sana. Durite za freni zinavutwa. Taa zinapiga macho ya wenye kuja mbele.

Lakini kubwa kuliko yote ni hii: uzito wote umepanda juu. Mtu aliyebeba kilo 50 mgongoni anatembea vizuri. Mtu yule yule akibeba kilo 50 kichwani, katika njia ya mteremko yenye kuinama upande, anayumba. Motokari iko vilevile. Umeiinua, ukaweka mifuko juu ya paa, ukaketisha mama wawili juu ya mifuko. Kona ya kwanza yenye kuinama upande wa bonde, imelala. Motokari itanunuliwa tena. Mama hanunuliwi.

Kama kuna lazima kweli ya kuinua, musipite sentimeta mbili ao tatu, kwa vyombo vilivyotengenezwa kwa motokari ya aina ile, na paralelisme ifanywe siku ile ile. Vipande vya pine ya zamani vilivyokatwa kwa kisu na kuchomekwa katika resori, hapana. Vinaruka pale shimo linapokuja.

Walichokata katika mkutano

Mkutano uliendelea mpaka saa kumi. Mwishoni walikata maneno matano.

La kwanza: kununua resori mbili mpya za nyuma na amortiseri mbili, za kipimo cha kiwanda. Kurudisha motokari pale ilipokuwa siku ya kwanza, hiyo peke yake ni kuiinua, tena bila hatari.

La pili: mapine manne ya 175/70R14 na moja la akiba. Walipoenda kununua, mweka-kasha alikuwa amefundishwa kusoma namba nne za mwisho zilizo pamoja na herufi DOT. Kama zimeandikwa 2319, pine ilizaliwa juma la 23 la mwaka 2019. Muuzaji mmoja aliwaonyesha mapine ya okazio yenye meno mazuri kabisa, lakini yalikuwa na zaidi ya miaka kumi, na ubavuni mistari midogo ya kupasuka kama udongo wa kiangazi. Wakayaacha. Kauchu inazeeka hata ikilala dukani.

La tatu: tole ya chuma ya kukinga karteri, na ingine ya kukinga rezervuari, iliyofungwa na bulo ili iweze kutoka wakati wa kazi ya garaje. Fundi wa kijiji aliitengeneza mwenyewe. Alikumbushwa aache nafasi ya hewa kupita, na asiguse bomba la moshi.

La nne: kikomo cha mzigo. Shofere, mama mmoja mwenye kaye ya mauzo, na mifuko mitatu ya kilo 75. Hiyo ni karibu kilo 365. Hakuna mtu juu ya paa. Vitu vizito vinakaa chini na mbele karibu ya viti, makreti ya tomate juu yake. Neno hili njo lilileta kelele. “Mifuko mitatu tu? Tutaenda mara mbili, na esansi?” Mweka-kasha akafungua kaye, akaandika upande mmoja esansi ya safari ya pili kwa miezi mitatu, upande mwingine rezervuari, kazi ya garaje, na tomate ya usiku ule. Upande wa pili ulikuwa mkubwa. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku ile daftari ilinyamazisha kelele.

La tano ndilo lilinifurahisha kuliko yote, na halikutoka kwangu. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi nyuma aliinuka akasema: “Tuko tunainua motokari juu ya jiwe. Jiwe lenyewe tunaliogopa?” Alikuwa anajua pahali pawili pabaya katika njia ile: pale penye jiwe, na pale ambapo maji ya mlima yanakata barabara. Wakapanga salongo ya siku mbili. Waliondoa jiwe kwa mitaimbo, wakachimba mufereji wa kupitisha maji kando, wakajaza shimo kwa mawe madogo. Hiyo haikula hata franka moja ya kasha.

Niliporudi, tulipima tena. Nyuma, bila mzigo: sentimeta 18. Na mzigo wa kikomo: 13. Zamani ilikuwa 9. Sentimeta nne zimepatikana, bila kipande hata kimoja katika resori.

Upepo wa pine, kila asubuhi ya soko

Neno la mwisho ni dogo lakini linapotosha wengi. Karibu na mlango wa shofere, ao ndani ya kifuniko cha esansi, mara nyingi kuna karatasi ya kiwanda inayoonyesha upepo wa pine, mbele na nyuma, bila mzigo na kwa mzigo. Fuateni ile. Pimeni asubuhi, pine ikiwa baridi, sababu pine yenye moto inaonyesha zaidi ya kweli.

Upepo kidogo sana: ubavu unajikunja, unapata moto, pine inapasuka na mzigo. Upepo mingi sana: pine inaruka juu ya kila jiwe, na tomate inafika sokoni imekuwa supu. Wengine wanapunguza upepo ili kutoka katika matope. Inasaidia, lakini mkishatoka, pigeni pompi palepale mbele ya kuendelea. Kwa hiyo pompi ya mguu na kipimo chake vikae katika motokari siku zote, pamoja na kriki na pine ya akiba.

Sasa kazi ni yenu. Kabla ya mkutano ujao wa koperative, mtu mmoja akamate rula na kaye, apime motokari yenu ikiwa wazi na ikiwa na mzigo. Asome namba za ubavuni mwa mapine, na mwaka yalipozaliwa. Alete yote mbele ya wanamemba, musome pamoja. Kisha njo mtajua kama feza yenu iende kwa resori, kwa mapine, ao kwa mitaimbo ya salongo.